Miaka Kumi Barazani: Meya, Ushuru na Uchumi wa Mji

Kila baraza jipya la madiwani linapoapishwa, picha zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zinafanana. Meya mpya amevaa joho, mkufu unang'aa kifuani, pembeni yake amesimama mkurugenzi, nyuma yao madiwani wamejipanga. Chini ya picha watu wanaandika: hongera Mstahiki, tunasubiri maendeleo, vijana wanataka ajira, tuletee viwanda. Salamu hizo nazisoma kwa uchungu, kwa sababu nimekaa barazani miaka kumi na najua mle ndani nani ameshika nini.

Mimi ni muuza mchele. Nilikuwa muuza mchele kabla sijawa diwani, na nilipotoka barazani mwaka 2015 nilirudi kwenye mizani yangu ileile. Kata yangu ilinichagua 2005, ikanirudisha 2010, na karibu muda wote huo nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Fedha na Uongozi. Mji wetu ni manispaa ya mkoani. Siutaji jina, maana watu nitakaowasema tunaoana na tunazikana, na nia yangu si kumchoma mtu. Nataka tu tuelewane kuhusu kazi ya meya, kwa sababu tunamdai asichonacho na tunasahau kumdai alichonacho.

Kwanza kabisa, meya kwetu Tanzania hachaguliwi na wananchi wa mji. Wananchi wa kata moja wanamchagua kuwa diwani, basi. Kisha madiwani wanakutana kwenye kikao cha kwanza na kupiga kura kati yao. Akishashinda anaongoza baraza kwa miaka mitano, huku naibu wake akichaguliwa upya kila mwaka. Mkurugenzi yeye anateuliwa na Rais. Ndiye afisa masuuli, fedha haitoki bila yeye, na ndiye katibu wa baraza. Mweka hazina, mhandisi, afisa mipango, afisa biashara, wote wanaripoti kwake. Meya hawezi kumwajiri hata mlinzi wa geti. Siku mkurugenzi akipata uhamisho, na hupata bila kumuuliza mtu, mipango mliyoizungumza pamoja miaka miwili inaondoka naye kwenye gari.

Meya ana vitu vichache, lakini si vidogo. Anaendesha kikao. Ni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, kwa hiyo karatasi za mapato na matumizi lazima zipite mbele yake. Baraza analoliongoza ndilo linalopitisha bajeti na sheria ndogo, na sheria ndogo ndizo zinazosema nani alipe ushuru gani, wapi, na kwa kipimo gani. Mji ukipata meya anayezisoma karatasi hizo mstari kwa mstari, unabadilika. Ukipata anayesubiri posho na ziara, unabaki palepale hata kama anaongea vizuri redioni.

Meya wetu wa 2005 alikuwa anazisoma. Nitamwita Mstahiki, inatosha. Aliwahi kuwa dereva wa malori ya masafa, baadaye akafungua duka la vipuri, na shuleni hakufika mbali. Makabrasha ya kikao tulikuwa tunaletewa jana yake jioni, bunda la kurasa zilizotolewa fotokopi mpaka tarakimu zimefifia. Madiwani wengi tulikuwa tunatafuta kurasa za kata zetu tu. Mstahiki alikuwa anaingia kikaoni na kabrasha lililojaa wino wa bluu pembeni, maswali yake yote ameyaandika.

Katika kikao kimoja cha mwanzo alikwama kwenye mstari wa ushuru wa soko kuu. Wakati ule ushuru ulikuwa unakusanywa na mzabuni: anaipa halmashauri kiasi kilichokubaliwa kila mwezi, kinachozidi ni chake. Kiasi kile kilikuwa hakijaguswa kwa miaka kadhaa. Akanigeukia.

"Mheshimiwa, wewe uko mle sokoni kila siku. Meza ziko ngapi?"

Nikamjibu kwamba za kwenye daftari la halmashauri nazijua, ila sokoni kwenyewe sidhani kama kuna aliyewahi kuhesabu.

"Basi tukahesabu."

Tulienda siku ya gulio, alfajiri, mimi na yeye na kijana mmoja kutoka ofisi ya biashara aliyeshika daftari. Hatukuishia kwenye meza za mbao. Tuliwahesabu waliotandaza viroba chini, wenye matenga ya nyanya yaliyopangwa mpaka karibu na mlango wa choo, wauza dagaa wa kwenye sinia, wenye mitumba iliyotundikwa kwenye kamba, mikokoteni ya miwa na machungwa. Tulisimama pia kumwangalia kijana wa mzabuni akipita. Anachukua mia mbili, anachana stakabadhi kwa anayeidai, asiyeidai anapitwa. Wengi hawakuidai. Mama wa mchicha ana haraka ya kupanga mafungu kabla wateja wa asubuhi hawajapita, karatasi ataiweka wapi?

Hesabu ilipokaa mezani, makusanyo ya siku kumi na kidogo yalikuwa yanatosha kulipa kile alichokuwa anatuletea mzabuni kwa mwezi mzima.

Hapo ndipo nilipoiona vita yenyewe. Diwani mmoja akasema utaratibu umekiukwa, meya si mkaguzi. Mwingine akauliza zoezi lile lilikuwa kwenye bajeti ya mwaka upi. Mtumishi mmoja akashauri takwimu zirudishwe kwa wataalamu zikapitiwe upya. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba kwenye kampuni ile ya ushuru alikuwemo shemeji wa huyu na mtoto wa yule. Mstahiki hakugombana na mtu. Alisubiri mkataba ufike mwisho, kisha akasema hauhuishwi mpaka baraza zima lipige kura, kwa kuita jina moja moja, kwenye kikao cha wazi, wananchi wakiwa wameketi nyuma wanasikiliza. Na alihakikisha wananchi wanakuja. Wafanyabiashara wa soko walijaza viti na wengine wakasimama madirishani. Jina lako likiitwa mbele ya watu hao, unamtetea mzabuni kwa maneno gani?

Ushuru ukarudi kukusanywa na halmashauri yenyewe. Mapato ya soko yakapanda mwezi wa kwanza tu, bila kuongeza hata shilingi kwenye ile mia mbili. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote alivyofanya, na hakuna aliyekipiga picha.

Fedha ile ikachimba mfereji. Upande wa nyanya na mboga ulikuwa hauna mahali pa maji kutokea. Mvua ikinyesha wateja wanaishia getini, na nyanya za jana zinaozea kwenye matenga wakati mwenye nazo anadaiwa na mkulima. Mfereji ukajengwa kwa mawe, ukafunikwa kwa mabamba ya zege, na juu ya mabamba watu wakapata njia ya kupita. Halafu zikaja taa. Nguzo chache tu, taa kubwa za kumulika. Watu walimcheka, wakasema mji hauna barabara ya lami na meya anawasha taa sokoni.

Mimi ninayeuza mle nitawaeleza taa zilifanya nini. Kabla yake soko lilikuwa linakufa magharibi. Mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta, fundi wa gereji, wote hao wanatoka kazini jioni, na wakifika kwetu tunafunga. Mboga walikuwa wananunua kwa bei ya juu kwenye vibanda vya mtaani. Taa zilipowaka tulipata wateja wenye mshahara, wale wanaonunua mchele kilo tano badala ya nusu. Nyuma yao wakaja mama lishe, kwa sababu muuzaji anayekaa mpaka saa tatu usiku lazima ale. Wakaja bodaboda kuwarudisha watu na mizigo yao. Akaja kijana wa M-Pesa na meza yake ya kukunja. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele wangu kwa kibarua akaanza kukaanga samaki jioni pale nje, leo ana frimu mbili. Hakuna kiwanda kilicholetwa. Mji uliongezewa saa za kufanya biashara, na watu walewale, na mitaji yao ileile midogo, wakapata nafasi ya kuuza mara mbili kwa siku moja.

Ninaposikia mtu anasema uchumi wa mji ni wawekezaji, nakumbuka nguzo zile. Mwekezaji akija karibu sana. Lakini mji tayari una maelfu ya wawekezaji waliokopa kwenye vikoba, na kinachowaua ni tope na giza na ushuru unaokwenda kwa shemeji wa mtu.

Kuna jambo lilimshinda, nalo linafaa kuelezwa vilevile. Baraza lililotutangulia lilikuwa limejenga soko jipya nje kidogo ya mji, zuri, la paa la bati refu na vizimba vya matofali. Lilikuwa tupu. Wafanyabiashara walihamishiwa kule kwa nguvu, wakakaa wiki chache, wakarudi kandokando ya barabara kuu mmoja mmoja. Mgambo wakawafukuza, wakarudi tena. Kwenye vikao ilikuwa inasemwa kwamba wamachinga ni wakaidi. Hapana. Mteja wetu hana gari. Ananunua pale daladala inapomshusha, na daladala zilikuwa hazifiki kule. Mstahiki alilielewa hilo mara moja, dereva wa zamani yule, akataka kituo cha daladala kihamie karibu na soko. Akagonga mwamba: leseni za njia za daladala zilikuwa mkononi mwa mamlaka ya usafiri ya taifa, SUMATRA, siku hizi LATRA, si mkononi mwa halmashauri. Kujenga kituo tunaweza. Kulipangia basi njia hatuwezi. Barua zilikwenda na kurudi mpaka muhula ukaisha.

Waliokaa Dar es Salaam wanalifahamu tatizo hili kwa sura kubwa zaidi. Machinga Complex pale Ilala ilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikiwa na vizimba zaidi ya 4,000, ikafunguliwa 2010, na kwa miaka mingi ghorofa za juu zilibaki wazi huku wamachinga wamejaa barabarani mita chache tu kutoka pale. Deni la mfuko likawa linakua. Mchuuzi wa soksi hawezi kupandisha wateja ghorofani. Anauza kwa anayepita. Kitu hicho ungeweza kuambiwa na mchuuzi yeyote kabla tofali la kwanza halijawekwa, kama angeulizwa.

Basi Mstahiki alimaliza muhula wake na 2010 akarudi kugombea. Hakuvuka hata kura za maoni za chama. Alishindwa kwenye kata yake mwenyewe, tena kwa tofauti kubwa. Mpinzani wake alikuwa na hoja moja tu, na ilikuwa hoja ya kweli: kalavati la kule mtaani lilivunjika, na miaka mitano mheshimiwa alikuwa anashughulikia soko la watu wa mjini. Kura za kata haziwezi kumlipa mtu kwa taa alizowasha kata nyingine. Mji mzima ulikuwa unafaidika na kazi yake, ila mji mzima haukuwa na sanduku la kumpigia kura. Nililia siku ile, sioni aibu kusema. Nililia kwa sababu nilijua nini kinafuata.

Na kilifuata. Baraza la 2010 lilimchagua meya mpya, mtu mpole, msomi, asiyependa ugomvi. Ndani ya mwaka mmoja hoja ya kurudisha mzabuni ikaletwa kikaoni, safari hii kwa jina la "kuongeza ufanisi wa makusanyo", ikapita bila kura ya majina. Nilipinga, nikaandikwa kwenye muhtasari kwamba nilipinga. Mwaka uliofuata taa mbili ziliungua, haikupatikana fedha ya kuzibadilisha. Mashine za POS zilipokuja baadaye zilisaidia kiasi, maana angalau mashine haisahau kutoa risiti, ila mashine nayo inashikwa na mtu.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini tunapata meya mzuri kwa bahati na kumpoteza kirahisi hivyo. Sehemu ya jibu iko kwenye historia ya kiti chenyewe. Dar es Salaam, ambayo ndiyo miji mingine inaiangalia, ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi, yule ambaye uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Baadaye akawa Waziri wa Sheria, na mwaka 1964 akafariki akiwa bado kijana wa miaka arobaini. Kiti alichokifungua hakikudumu. Kuanzia 1972 serikali ilileta madaraka mikoani, na mabaraza ya miji yakafutwa. Kazi zake zikapewa maofisa wa mkoa. Wazee wa mijini wanakumbuka mitaro iliyoziba na kipindupindu cha mwishoni mwa miaka ya 1970. Mabaraza ya miji yakarudishwa kisheria 1978, sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa 1982, zikaanza kazi 1984.

Mwaka 1996 baraza la Dar likavunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Nitasema kweli: tume ile ilizoa taka na kuziba mashimo kuliko baraza lililovunjwa, na watu wa Ubungo wakampa Keenja ubunge mwaka 2000. Wengine wakahitimisha kwamba mji unakwenda vizuri ukiwa hauna madiwani. Mimi siafiki. Tume ilifanya kazi kwa sababu ilipewa mamlaka na fedha kwa pamoja, kitu ambacho hakuna meya aliyewahi kupewa. Mwaka 2000 Dar ikapata manispaa tatu na Halmashauri ya Jiji juu yake, Kleist Sykes akawa meya wa jiji, mtoto wa Abdulwahid Sykes wa TANU. Februari 2021, Rais Magufuli akaivunja Halmashauri hiyo ya Jiji na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hesabu mwenyewe: ndani ya miaka sitini kiti cha meya kwenye mji mkubwa kuliko yote nchini kimefutwa, kimerudishwa, kimevunjwa, kimegawanywa, kimevunjwa tena. Mipango ya uchumi wa mji ni kama miti, inahitaji miaka kumi na tano. Nani ataipanda miti hiyo?

Kwenye semina moja ya madiwani tulionyeshwa habari za Curitiba, mji wa kusini mwa Brazil, na tangu siku ile nimezifuatilia kwa hamu. Meya wake, Jaime Lerner, msanifu majengo, aliushika mji ule mara tatu: 1971 hadi 1975, 1979 hadi 1983, na 1989 hadi 1992. Karibu miaka kumi na miwili. Mara mbili za mwanzo aliteuliwa, Brazil ikiwa chini ya wanajeshi, na sehemu hiyo siipendi na siwezi kuipamba. Mara ya tatu alichaguliwa na wananchi. Mwaka 1972 aliifunga barabara kuu ya maduka, Rua XV de Novembro, isipite gari, ibaki ya waenda kwa miguu. Wenye maduka walikuwa wamekuja juu, wakiamini bila magari watafilisika. Kazi ikaanza Ijumaa jioni, Jumatatu njia ya watu ikawa tayari. Haikupita muda wenye maduka wakaanza kuomba njia ile irefushwe, maana anayetembea anaingia dukani na anayeendesha anapita. Mabasi yenye njia zake yenyewe yakaanza 1974. Wazo hilo lilifika Bogotá, Colombia, mwaka 2000, na ndilo tuliloliona kwetu 2016 mwendokasi ulipoanza kati ya Kimara na Kivukoni.

Lakini kilichonigusa mimi muuza nafaka ni kingine. Kule kulikuwa na vitongoji vya maskini ambavyo gari la taka haliwezi kuingia, vichochoro vyembamba. Mwaka 1991 manispaa ikaanza kubadilishana: mwananchi analeta mfuko wa taka hadi barabarani, anapewa mboga na matunda. Mboga zile zilinunuliwa kwa wakulima wa jirani waliokuwa na ziada isiyo na soko. Fedha ambayo ingelipia kuzoa taka ikamlipa mkulima, ikalisha nyumba, na vichochoro vikawa safi. Nilipoelezwa hilo nilifikiria matenga ya nyanya yanayooza kwetu kila Machi. Na usidhani ni Lerner peke yake. Mji ule una taasisi ya mipango, IPPUC, tangu 1965, na ilibaki ikifanya kazi meya alipoondoka. Sisi kila meya anaanza na karatasi jeupe.

Mambo mengine nitayapitia haraka, si kwamba ni madogo, ila yamesemwa sana. Vyanzo vya mapato vya halmashauri vimekuwa vikipunguzwa. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA 2016, na tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU. Ushuru wa mabango nao uliwahi kuhamishiwa TRA. Mwishoni mwa 2018 wamachinga wakauziwa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa mwaka, na aliyekuwa nacho hakutakiwa kutozwa ushuru mwingine. Mchuuzi alipumua, ila halmashauri zilibaki na soko la kufagia bila fedha ya ufagio. Meya amebakiwa na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya wafanyabiashara, leseni, masoko, stendi, machinjio. Ndiyo maana nasema soko ni uchumi wenyewe wa halmashauri, si kajambo ka pembeni.

Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo nitaigusa kidogo kwa sababu inaniuma. Wakati wetu ilikuwa agizo tu, na mwisho wa mwaka fedha ilikuwa "haijatosha". Mwaka 2018 ikawekwa kwenye sheria: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Sheria nzuri sana. Ila nimeona vikundi vya akina mama kwenye mitaa yetu vinapewa fedha vyote vikatengeneze sabuni ya maji na kufuga kuku, na wote wanauziana wao kwa wao. Nani aliuliza mji huu unanunua nini kutoka nje ambacho tungeweza kukitengeneza hapa? Mchele ninaouza mimi unalimwa saa mbili kutoka mjini, unakwenda kukobolewa na kupangwa madaraja mkoa mwingine, unarudi kwetu kwenye mifuko mizuri, na hiyo mifuko ndiyo wenye migahawa wanaitaka. Kikundi kimoja chenye mashine ya kupanga madaraja kingetosha. Mikopo ilisimamishwa 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi zimepotelea kwenye vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mwingine. Natumaini safari hii afisa wa mikopo atakuwa amepita sokoni kwanza.

Mstahiki bado yupo. Ana duka lake la vipuri, na kila nikipita tunaongea siasa za mji mpaka mke wake anatuletea chai ya pili. Nilimuuliza mwaka jana kama angekubali kugombea tena. Akasema hapana, miguu. Ila akaniambia mkataba wa mzabuni wa choo cha soko unaisha tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha ukifungwa, na akaniuliza kama najua watu wangapi wanaingia choo kile kwa siku, kwa shilingi ngapi.

Najua, maana meza yangu inatazamana nacho. Nimeshamwandikia diwani wetu wa sasa, kijana msikivu, nikimwomba mambo yafuatayo: mkataba ule usomwe kwenye baraza kabla haujahuishwa, kiasi anacholipa mzabuni kitajwe, na kura ipigwe kwa majina. Amenijibu niende nikalizungumze kwenye mkutano wa kata Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ofisi ya kata. Wafanyabiashara wa upande wa nafaka tumekubaliana kufunga kwa saa mbili tuende wote, na wa nyanya wametuma ujumbe kwamba nao wanakuja.